Majivu ya Buibui

Jumanne, katika zahanati moja ya Kamenge, mama mmoja kutoka Gatumba alifunua mguu wenye kidonda cheusi. Binti wa chuo kikuu, anayechunguza sumu ya buibui, aliinama akakitazama.

"Buibui mwenyewe yuko wapi, mama?"

"Tulimuchoma. Majivu yake ndiyo nimepaka."

Binti akafunga kichupa kitupu alichokileta cha kumtia buibui. "Basi siwezi kusema ni buibui."

"Andika tu ni buibui, mwanangu! Mutaa wote unasema jirani yangu ndiye ameniroga. Watamufukuza na watoto wake."

Binti akashika kalamu, akaandika: chanzo hakijulikani.

Wasomi wanaokubali kuandika hivyo ni wachache, nami ninamheshimu. Ila huko mtaani, sentensi hiyo watu wataimalizia wenyewe.