Jiko la Vifungo

Mtaa mzima ulimwita Tepu, kwa sababu tepu ya kupimia haikumtoka shingoni hata alipokwenda sokoni au msibani. Alikuwa mwanamke, fundi cherehani, na kichwa chake kilikuwa kigumu kweli kweli. Akishakata shauri, ungeweza kuita ukoo mzima umkalishe kitako na bado usimsogeze hata shubiri. Kwa hiyo kaka yake alipopiga simu kusema kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi angekuja kumchukua mama akaishi kwake, Tepu hakubishana. Alimwambia tu aje na njaa yake, kwa sababu mama ndiye atakayempikia.

Kaka alicheka. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Macho ya mama yalikuwa yameondoka taratibu, na sasa alichobakiwa nacho ni mwanga na kivuli. Kuna siku alitia chumvi kwenye chai, wakacheka wote. Lakini kuna siku nyingine alipapasa akitafuta kopo la majani ya chai, akashika kwa kiganja kizima sufuria iliyotoka motoni, na siku hiyo hakucheka mtu. Kwa kaka kulikuwa na vyumba vya kutosha, msichana wa kazi, na kiti kizuri karibu na dirisha.

"Nitakalishwa," mama alisema, mkono wake bado umefungwa bandeji. "Asubuhi nitakalishwa, jioni nitainuliwa. Mwanangu, mimi nimepika tangu sijamaliza kuota meno. Wakinikalisha, nitakufa nimekaa."

"Hukalishwi," alisema Tepu.

Kusema ni rahisi. Jikoni penyewe palikuwa padogo kiasi kwamba wakiingia wawili, mmoja anapumua na mwenzake anangoja zamu. Sufuria zilikuwa zimepandiana juu ya kabati bovu, unga ulikaa chini ya sinki, vijiko vilizama kwenye ndoo, na kulikuwa na mifuniko ambayo sufuria zake hakuna aliyejua ziliko. Tepu aliishi humo miaka mingi bila shida kwa sababu moja tu: aliona. Mwenye macho ni mvivu, hana haja ya kukumbuka ameweka nini wapi.

Basi akajifunga kibwebwe. Jambo la kwanza alitoa kila kitu hadi kwenye ujia, majirani wakadhani anahama. Mama akakaa kizingitini, vyombo vikipita mikononi mwake kimoja kimoja.

"Hiki nini?"

"Cha kukamulia machungwa."

"Umeshawahi kukitumia?"

"Bado, mama."

"Umekuwa nacho tangu lini?"

Tepu akakohoa. Mama akakiweka upande wa vitu vya kugawa, na upande huo ukaendelea kunenepa mpaka majirani wakaacha kuuliza kama wanahama, wakaanza kuuliza kama wanaweza kuchukua. Kilichobaki kiliingia kwenye mabeseni mawili tu. Tepu aliyatazama mabeseni hayo akaona aibu kidogo, maana nusu ya maisha yake alikuwa amelalamika kwamba jikoni hakutoshi.

Ikaja zamu ya rafu. Uwezo wa kununua kabati jipya haukuwepo, na hata uwezo ungekuwepo, kabati lina milango, na mlango ulioachwa wazi humpiga kipofu usoni. Tepu alitaka mbao tatu zilizo wazi kwenye ukuta mmoja, toka kwenye kona mpaka penye fremu ya mlango. Akapima mwenyewe, kwa tepu yake mwenyewe, akapeleka vipimo kwa seremala wa mtaa wa pili. Seremala akakata kama alivyoambiwa, akaja nazo begani, akaziegemeza ukutani, kisha akasimama ameshika kiuno.

"Fundi, hizi zimezidi. Zinatokeza mlangoni vidole vinne."

"Haiwezekani. Nimepima mara tatu."

"Umepimaje?"

Tepu akafungua mdomo kueleza, akaufunga. Alikuwa amepima ukuta, halafu, bila hata kufikiri, akaongeza vidole viwili kila upande vya kukunjia mshono, kama anavyoongeza kwenye kila gauni.

Seremala alicheka mpaka akaketi chini. "Nimekata mbao za watu chungu nzima," alisema huku akijifuta macho, "sijawahi kuletewa ubao wenye pindo."

Tepu alicheka naye, ingawa moyoni alikuwa ameudhika, maana siku zilikuwa zinakatika. Seremala alipotoa msumeno, mama akamzuia. Akaomba ubao wa chini ushikiliwe mahali pake. Akatoka nje, akaingia tena taratibu, na nyonga yake ikagusa kile kipande kilichozidi. Akasimama papo hapo. Mkono wake wa kulia ukanyooka, ukatua kwenye ubao bila kupapasa.

"Huu wa chini usiukate," akamwambia seremala. "Uparuze tu ncha usinichome. Nikiugusa nitajua nimefika."

Seremala akakata zile mbili za juu, huu wa chini akauviringisha ncha na kuupiga msasa mpaka ukalainika. Kulikuwa na mabaki ya rangi ya njano kwenye kopo la mtu aliyepaka duka lake. Tepu akaomba, akapaka kingo za mbao peke yake, ukuta akauacha na buluu yake iliyokolea, ili mama auone ule mstari wa mwanga hata kama haoni kitu kingine. Kusema kweli palipendeza. Tepu hakukusudia papendeze, lakini alifurahi.

Kazi yake hasa ilikuwa ile ya mwisho. Alichukua mabaki ya turubai aliyoshonea mabegi ya shule, akashona pazia la ukutani lenye mifuko safu kwa safu. Katika mfuko wa chumvi akashona kifungo kimoja kikubwa cha koti. Wa sukari, vifungo viwili vidogo vya shati. Majani ya chai yakapewa kipande cha zipu, pilipili kipande cha lesi, kwa kuwa mama alisema pilipili ina madaha. Mfuko wa kisu ulikuwa wa ngozi, mgumu, umewekwa pembeni peke yake, na juu yake kifungo cha chuma kinachotia baridi kidoleni. Mama alipitisha vidole kwenye mifuko hiyo mmoja mmoja. Alipofika kwenye lesi akatabasamu.

Tepu hakuamini kazi yake mpaka aijaribu. Akajifunga kitambaa machoni, akaingia kupika chai. Aligonga sufuria kwa kiwiko, kwa sababu mpini wake ulikuwa umetazama nje. Toka siku hiyo mipini yote ikatazama ukutani. Sheria ikawa moja tu humo ndani: kitu kirudi kilipotoka. Tepu mwenyewe aliikosea mara kadhaa, na kila mara mama alimwita kutoka jikoni kwa sauti ya mwalimu mkuu.

Jumapili kaka akafika. Gari lake lilikuwa safi, kiti cha nyuma ameshakiondolea vitu ili masanduku yakae.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Kazini."

Mama alikuwa ameshaanza. Kaka akasimama mlangoni akatazama mkono ukienda kwenye kifungo kikubwa, ukachota chumvi, ukarudi. Maharage yalichemka, wali ukatulia, hakuna kilichomwagika. Tepu alisimama nyuma ya kaka akijifanya anapanga sahani.

Kaka aliona mambo yanakwenda, akalegea. Akaingia jikoni, akachukua kisu, akakatia chungwa aliloona kwenye meza ndogo ya jikoni, akatoka nalo sebuleni anakula. Hakuna aliyemwangalia. Baada ya muda mfupi mama akapitisha mkono juu ya meza kutafuta kitunguu, na hapo ndipo wakasikia akivuta pumzi.

Walipofika, damu ilikuwa inashuka kidoleni.

"Haya ndiyo niliyokuwa nasema," alisema kaka. Hakusema kwa kejeli. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa. "Mdogo wangu, umejitahidi, kila mtu ameona. Lakini basi. Mama, twende."

Tepu alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni. "Kisu kina mfuko wake," alisema. "Kimetokaje huko?"

Kaka alitaka kujibu. Kisha akaliona chungwa mkononi mwake mwenyewe.

Mama alikuwa ameshafungua bomba, kidole chini ya maji. Akajifuta, akapapasa kitambaa kwenye mfuko wake, akajifunga, akakaza fundo kwa meno. Tepu akanyoosha mkono amsaidie, kisha akaurudisha.

"Ni mchubuko tu," alisema mama. "Njoo hapa, mwanangu."

Kaka akasogea, mtu mzima na tumbo lake, kichwa chini.

"Hukunikata kwa ubaya. Ulifanya kama mtu yeyote anayeona: unachukua hapa, unaacha pale, na unapokihitaji unatazama. Mimi mahali pa kisu changu sikukosea. Nilichoshindwa kujua ni ulichofanya wewe." Akakoroga maharage. "Kwako mnaishi wangapi?"

Kaka akamwangalia dada yake, halafu akaangalia sakafu. Alikuwa anawahesabu kimoyomoyo: mke wake, watoto, shemeji aliyekuja kusoma, msichana wa kazi. Kila mmoja anachukua hapa, anaacha pale.

"Wengi, mama," alisema.

"Hapa tuko wawili."

Kaka alisimama pale jikoni mpaka Tepu akadhani analia, na pengine alikuwa analia. Kisha akakiosha kisu, akakikausha, akafumba macho na kuutafuta mfuko kwa vidole. Alikosea mara ya kwanza, akagusa lesi. Mama akamshika mkono, akamwongoza mpaka kwenye kifungo cha baridi.

Walikula, na kaka akaongeza sahani ya pili. Alipoondoka, kiti cha nyuma kilikuwa kitupu vilevile kama alivyokuja nacho, na mama alikuwa amesimama anaosha vyombo.