Kidole cha Orie Kajitani

Orie Kajitani alipika chakula cha shule miaka kumi na saba, kisha akatuambia sisi wa stesheni kwamba anataka kuendesha treni. Tulicheka. Mimi, mkagua tiketi, nilicheka kuliko wote, na leo naona haya kulisema.

Kwetu relini dereva haangalii taa ya ishara kimyakimya. Huinyooshea kidole na kuitaja rangi yake kwa sauti, hata akiwa peke yake. Orie aliyazoea hayo upesi mno. Siku moja kidole kikanyooka, mdomo ukasema "Kijani!", kumbe taa ni ya njano. Mwalimu wake, mzee Tsukuda, ndiye aliyevuta breki.

"Nilikuwa naangalia kwa makini, mwalimu!"

"Kwa makini, kwa makini! Neno hilo kila mtu analo mdomoni. Macho yalikuwa wapi?"

"Kwenye taa."

"Basi mdomo uliyatangulia. Kidole kimoja hakivunji chawa, mama. Jicho lione kwanza, ndipo uufungue huo mdomo. Ukirudia, sufuria zako zinakungoja."

Miezi minne nilimwona akija kazini kwa miguu, akinyooshea kidole kila kitu njiani. "Mlango, umefungwa! Mbwa, amelala!" Watoto wa shule wakamfuata wakimtania, "Shangazi, pua yako ipo?" Akaigusa. "Pua, ipo!" Akaendelea na safari yake.

Siku ya mtihani theluji ilianguka tangu alfajiri. Treni yetu ni ya behewa moja, nami nilisimama nyuma ya Orie na mwalimu wake. Kwenye stesheni ya tatu saa ya kuondoka ikafika, Orie akanyoosha kidole. Mdomo haukufunguka. Theluji ilikuwa imeiziba taa.

"Ni kijani hiyo," alisema Tsukuda. "Saa hizi huwa kijani kila siku. Twende."

"Mimi siioni, mwalimu."

"Abiria wanangoja!"

"Wangoje."

Abiria wakaanza kunung'unika. Hata mimi nilimlaani moyoni. Mkono wake ulichoka, lakini hakuushusha, wala hakuyaondoa macho pale juu. Mwishowe upepo ukaipangusa theluji.

"Kijani! Tunaondoka!" Alipaza sauti hadi mtoto mchanga akaamka akilia.

"Dakika sita tumechelewa," Tsukuda alisema, "na taa ilikuwa kijani tangu mwanzo."

"Ziandike, mwalimu."

Akaziandika zote sita kwenye karatasi ya mtihani. Chini yake akaandika kwamba kuanzia kesho Bibi Kajitani ataendesha bila mwalimu.