Moyo Umevimba, Haujavunjika

Jamani, leo nimeombewa ugonjwa nisiokuwa nao!

Juzi daktari aliniambia mfuko unaozunguka moyo wangu umevimba. Nikilala chali kifua kinachoma, nikiinama mbele napata nafuu. Rafiki yangu Mama Neema alinisindikiza, akasikia kila neno.

Leo kwenye sala ya jumuiya, hapa mtaani Maisaka, maumivu yakaanza. Nikainama.

Mama Neema huyo, kasimama!

"Tumwombee dada yetu. Tangu mumewe amkimbie, moyo umevunjika. Mnaona anavyolia?"

Silii mimi!

Wamama wakanizunguka, wakanilaza chali mkekani. Kifua kikawaka moto. Hapo ndipo nikalia kweli.

"Si niliwaambia?" akasema.

Na mto wa kunilazia kaleta yeye.

Enhee, ingekuwa wewe ungefanyaje?