Samli kwenye Waya wa Klachi

Kaisho nzima ilimwita Mbonimpa Kiguu na Njia, na wala hawakumsingizia. Wewe niambie, mtu gani anakunywa chai amesimama? Ukimpa kigoda anakipindua, anakikagua miguu, anauliza nani kakichonga, halafu anaaga. Alikuwa fundi wa magari, tena fundi hasa, lakini gari likishapona yeye hana tena habari na mahali pale. Alitoka Rwanda akiwa mgongoni kwa mama yake, akakulia kwa wafugaji wa kwao waliotangulia kuvuka, akajifunza ufundi Bukoba. Vita vya Uganda vikamchukua na malori mpaka ng'ambo, vikamrudisha mzima, ila kutulia ndiyo hakutulia tena. Murongo alifungua gereji akaifunga. Nkwenda hivyo hivyo. Isingiro hata kibanda hakijakauka udongo alikuwa ameshafunga mkoba wa spana.

Aliyeumia na miguu hiyo ni mkewe, Kantengwa. Kila walipohamia, Kantengwa alipanda migomba, maana huko mtu asiye na mgomba wake ni mpita njia tu. Na mgomba hauna haraka na mtu, unapita mwaka na ushee kabla hujakata ndizi. Nkwenda walihama mkungu ndio kwanza unachungulia. Murongo hata huo wa kuchungulia hawakuuona. Mwanamke wa watu alikula ndizi za kupewa na za kulipwa kibaruani, na zake wakala wengine. Walipopanga chumba Kaisho, mwaka 1984, alimngoja mumewe amalize kula ndipo akasema.

"Baba Anastazi, safari hii ukihama, utahama na mkoba wako. Mimi na mtoto tunabaki."

Mbonimpa akacheka. Kisha akamwangalia vizuri, akaona mwenzake hacheki, akatoka nje kwenda kutazama baiskeli ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Hapo ndipo anapoingia mzee Desderius. Huyu alikuwa mkulima wa kahawa, Mkatoliki wa mabenchi ya mbele, na Kantengwa alikuwa akichuma kahawa shambani kwake kwa kibarua. Mzee alikuwa na Peugeot 404 nyeupe, aliyoinunua ile miaka kahawa ilipopanda bei mpaka watu wakawa wanaezeka mabati hata banda la mbuzi. Sasa gari lilikuwa limelala bandani, kuku wametagia kiti cha nyuma, kwa sababu ya klachi. Gari la namna ile mguu unasukuma mafuta, mafuta yanasukuma klachi, na mafuta yanazuiwa na viraba vidogo visivyozidi kizibo cha chupa. Viraba vimeoza. Bukoba hakuna, Mwanza hakuna, na miaka ile usishangae, hata sabuni ya kufulia ilikuwa ya kutafutwa kwa kujuana. Mafundi waliopita walijaza maji ya sabuni badala ya mafuta, wakamaliza kabisa kilichobaki.

Jovitha, binti wa Desderius, alikuwa anaolewa Julai. Mzee alikuwa ameapa, piga ua, binti ataenda kanisani kwa gari la baba yake na si kwa la kuazima. Alimwita Mbonimpa shambani, Kantengwa naye yupo pale na kikapu chake cha kahawa, akasema mbele yao wote wawili.

"Nina kipande Songambele. Migomba ipo, kahawa ipo kidogo, maji si mbali. Gari hili likimfikisha Jovitha kanisani, kipande hicho nitakitoa."

Kantengwa akaurudia mti wake wa kahawa. Aliendelea kuchuma, lakini Mbonimpa aliiona mikono yake ikichuma mbivu na mbichi pamoja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akajua sasa hapa hakuna mchezo. Akikosa, hakuna mke.

Basi alifanya nini? Aliamua kuachana na mafuta moja kwa moja. Kama mafuta hayawezi kusukuma klachi, waya uivute, kama breki ya baiskeli. Alikumbuka Ihanda kuna Volkswagen ya marehemu mwalimu mmoja, inaoza kwenye nyasi, na Volkswagen klachi yake ni ya waya tangu kiwandani. Akapanda baiskeli, akalala njiani, akawabembeleza wajane na watoto wa marehemu, akarudi na waya ukiwa umezungushwa begani, pamoja na ala yake, ule mrija wa chuma ambao waya hupita ndani. Alikuwa na furaha ya ajabu. Kwenda ndiko alikokuwa anakuweza.

Kazi yenyewe aliifanya kwa ghadhabu. Aling'oa silinda za mafuta, ya juu na ya chini, akazitupia kuku. Alikata jembe bovu akalifanya kishikizo, akakifunga kwenye giaboksi yenyewe na si kwenye bodi, maana injini inacheza na bodi haichezi, na klachi ingekuwa inarukaruka. Pedali akaitobolea tundu la waya, akaifungia springi ya kiti cha baiskeli iirudishe juu. Kila baada ya muda anatoka chini ya gari, anakwenda mpaka barabarani, anatazama huku na huku, anarudi. Desderius alimuuliza anamngoja nani. Akajibu hamngoji mtu.

Likabaki jambo moja. Waya wa marehemu ulikuwa na kutu, na ndani ya ala ulikuwa unakwaruza. Ulitaka grisi. Grisi, ndugu yangu, mwaka ule? Alizunguka Kaisho yote na kopo tupu. Ndipo akakumbuka samli. Kwao alikokulia samli ilikuwa inakwenda kila mahali: ngozini, kwenye viatu, kwenye bawaba za mlango, kwenye kamba za kufungia ndama. Kantengwa alikuwa na kibuyu cha samli ya ng'ombe alichopewa na dada zake. Mumewe alipokiomba, alikitazama, akakitoa chote.

"Itatosha?" aliuliza.

"Itabaki," alisema Mbonimpa.

Aliiyeyusha juani, alasiri ya mkesha wa harusi, akaimimina kwenye ala mpaka ikatokea upande wa pili. Pedali ikawa laini, unaikanyaga inalala, unaiachia inaamka. Desderius mwenyewe alizungusha gari uani mara kadhaa, amejifunga mdomo kwa leso ili watu wasione anavyotabasamu.

Asubuhi ya harusi ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba na baridi ya Julai inauma masikio. Wazee walikuwa wamejifunga mablanketi. Jovitha akatoka ndani, amefunikwa uso, ameshikwa mkono na shangazi yake Costansia, vigelegele vikapanda. Kwa watu wale, binti akishavuka mlango siku hiyo harudi ndani wala hageuki nyuma, na gari lake halirudi nyuma wala halisimami njiani. Akaingizwa kiti cha nyuma, shangazi akakaa ubavuni. Xaveri, dereva aliyeletwa kwa heshima hiyo, akawasha. Injini ikaitika. Akakanyaga klachi, akaweka gia, akainua mguu.

Pedali ikabaki chini.

Injini ikanguruma, gari halisogei hata unyoya. Xaveri akaikanyaga tena, haikuja. Vigelegele vikapungua kimoja kimoja, mpaka kikabaki kile cha bibi mmoja asiyesikia vizuri. Mbonimpa alikimbia, akaingiza mkono chini, akagusa mwisho wa ala. Vidole vikatoka na bonge jeupe, gumu. Samli imeganda kwa baridi.

Jamani, aibu. Mtu aliyekula samli tangu hajaota meno, anayejua asubuhi ya baridi samli huchokolewa kwa kijiti, ameisahau siku moja tu ambayo hakupaswa kuisahau. Mtu akapeleka birika la maji ya moto, wakamwagia pale mkono ulipofika, lakini ala ilikuwa ndefu, inapita kusikofikika.

"Ngoja injini ipashe moto, itayeyuka yenyewe," alisema.

"Padre ana misa nyingine kigangoni, hangoji," alisema Desderius. Sauti ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo ilimtisha Mbonimpa.

"Basi ashuke, tukae ndani kidogo," akasema mtu nyuma.

"Hashuki," alisema Costansia kutoka ndani ya gari. "Mlango ameshauvuka."

Mzee Protase, jirani, akasema polepole kwamba zamani bibi harusi alibebwa, na machela ya kijiji ipo, vijana wapo. Machela ile ilikuwa ya kupelekea wagonjwa hospitali. Desderius alimtazama.

"Mwanangu haumwi, waitu," alisema, kwa neno la heshima la kwao.

Mbonimpa alikuwa amesimama karibu na lango, na mkoba wa spana ulikuwa pale pale miguuni. Nikuambie ukweli wake: alitaka kuondoka. Miguu ilikuwa imeshaanza. Njia ya Murongo ilikuwa wazi, na huko hakuna aliyekuwa anamdai maelezo. Akainua macho akamwona Kantengwa katikati ya wanawake wenzake. Alikuwa haangalii gari. Alikuwa anaangalia mkoba.

Mbonimpa akaurusha mkoba huko kwenye migomba, akafungua mlango wa mbele upande wa pili wa dereva, akajilaza sakafuni, kichwa kikiwa chini ya usukani.

"Ukikanyaga, kanyaga," alimwambia Xaveri. "Kuiinua niachie mimi. Utasema 'pandisha' nami nitaipandisha kwa mkono."

"Nitakuponda vidole."

"Viponde."

Xaveri akakanyaga, akaweka gia. "Pandisha." Mbonimpa akaishika pedali kwa mikono yote miwili, akaivuta taratibu, na gari likaondoka pale kama limebebwa na watu, bila hata kushtuka. Vigelegele vikaanza upya. Yeye hakuwaona waliovipiga, aliona kiatu cha Xaveri na soksi yenye tundu. Gia ya pili, pandisha. Ya tatu, pandisha. Kiatu kilimkanyaga kidole cha kati akauma meno, tusi akalimeza, maana kiti cha nyuma kulikuwa na bibi harusi na shangazi mtu.

Walipoanza mteremko alisikia pedali inamtoka mkononi, inapanda yenyewe. Giaboksi ilikuwa imepata moto, samli imeyeyuka. Kazi imekwisha. Mtu mwingine angefurahi. Mbonimpa alitaka kutoka, na kutoka hakuna, gari la bibi harusi halisimami. Hapo sasa ndipo alipoteseka. Goti limebanwa na mlango, shingo imepinda, mgongo unamwasha, na hajui wamefika wapi, wamepita kwa nani, kona ipi inafuata. Maisha yake yote alikuwa yeye ndiye anayekwenda. Leo anapelekwa, amelala, haoni hata mti. Jasho lilimtoka. Alihesabu skrubu za dashibodi, akazikosea, akaanza tena, na kwa mbali nyuma alimsikia Jovitha akilia kidogo kidogo na shangazi yake akimbembeleza kwamba kila mahali panazoeleka.

Kanisani wote walishuka kwanza. Yeye akatoka mwisho, kwa kutambaa, uso una vumbi na shati lina samli, na watu walicheka mpaka Padre akatokeza mlangoni. Desderius hakucheka. Alimshika bega, akaingia kanisani.

Wiki iliyofuata mzee aliwaita Songambele. Alikuja na mzee Protase awe shahidi, kibuyu cha rubisi, ile pombe ya ndizi, na vipande vya mlamula, ule mti ambao huko ukishachimbiwa mpakani kesi imekwisha. Migomba ilikuwepo kweli, imenenepa. Kantengwa aliipita mmoja mmoja akiigusa, kama anayehesabu watoto waliorudi kutoka shule. Mbonimpa alijiweka sawa, akanyoosha mikono miwili kupokea.

Desderius akampita. Akavikabidhi vipande vile kwa Kantengwa.

"Fundi, kazi yako nimeiona na sitaisahau," alisema. "Lakini mimi nimezeeka. Ardhi simpi mtu ambaye mwakani sijui nitamkuta wapi. Nampa huyu mama. Yeye nilimkuta shambani kwangu kila siku niliyokwenda."

Protase akainamisha kichwa, akanywa rubisi kwa kujisahaulisha. Jambo kama lile, mwanamke kupewa kibanja, shamba lake la migomba, mume wake yupo hai tena amesimama, lilikuwa halijasikika pale. Walimngoja Mbonimpa achukie. Naye alitafuta hasira akaikosa. Iliuma, na iliuma zaidi kwa sababu ilikuwa kweli na kila mtu aliijua kabla yake. Mikono aliyoinyoosha hakujua aiweke wapi, akaishusha.

Kantengwa alipokea kwa goti, akashukuru kwa Kinyambo na kwa lugha ya kwao, akaenda kwenye pembe ya shamba akachimba shimo la kwanza. Alichimba peke yake. Alipoweka mti shimoni ukawa unalala, kila akiusimamisha unalala upande mwingine.

"Baba Anastazi," aliita bila kugeuka, "kama bado upo, njoo unishikie."

Mbonimpa akaenda, akapiga magoti, akaushika. Kantengwa akawa anafukia kwa mikono, polepole sana.

"Niushike mpaka lini?"

"Mimi sijakuwekea muda," alisema Kantengwa, akavuta udongo mwingine.