Kadi Tisa za Njano

Siku ya tisa tangu Kona anyamaze, Refa alivaa viatu vyake vya kutokea akaenda kutafuta msaada. Mtu mzima akivaa viatu vya kutokea kwa ajili ya kinyama kinachoenea kwenye kofia, jueni yamemfika.

Kona alikuwa simbilisi. Mfikirie sungura aliyenyimwa mkia, akapunguziwa masikio, akabaki mashavu na tumbo. Alikuwa na miezi minne na ndugu mmoja, Penalti. Binti wa Refa ndiye aliyewaleta, kisha akaondoka kwenda chuo akawaacha sebuleni, "kwa wiki mbili tu, baba." Wiki mbili hizo hazijaisha hadi leo.

Refa mwenyewe alichezesha mpira miaka ishirini na miwili, mpaka goti lilipomwambia basi. Miaka yote hiyo viwanja vizima vilimzomea, akatukanwa yeye na macho yake. Alipostaafu alidhani atakifurahia kimya. Wapi! Mkewe ni muuguzi, anaingia zamu asubuhi na kutoka jioni, na nyumba kutwa nzima ikawa haina hata wa kumkoholea. Kilichomwokoa ni friji. Kila alipoifungua, wale wawili walipiga yowe kule sebuleni, wiii, wiii, wakijua hoho inakuja. Ikawa Refa anafungua friji hata kama hana haja nayo. Anasonya, anajifanya amekereka, na meno yote yako nje.

Kisha Penalti akaumwa tumbo siku moja, na ya pili yake akafa. Kona akaenda kwenye pembe ya boksi akaugeukia ukuta. Friji ikafunguliwa, ikafungwa, kimya. Alitafuna jani moja moja tu, hoho ikanyauka mbele yake. Refa alilia bafuni huku amefungua bomba ili mkewe asisikie. Mkewe alisikia.

Basi ndiyo hiyo safari ya viatu vya kutokea. Alimwendea mama mmoja mfugaji, mwenye simbilisi arobaini na maneno machache. Mama mfugaji alimpapasa Kona tumbo, akamtazama meno, akasema, "Haumwi huyu. Ni mpweke. Lakini hawa wakisusa kula kabisa hawachukui muda kufa, kwa hiyo usilale."

Akamkabidhi dume mdogo wa wiki saba, mweupe, nywele zimesimama utadhani ameamshwa sasa hivi.

"Mimi mnyama wangu simtupi," akaendelea. "Jumamosi saa nne nakuja mwenyewe. Nikiwakuta kila mmoja na boksi lake, wangu naondoka naye. Wakutanishe mahali ambapo hakuna anayepaita kwake. Vibakuli viwili, vibanda viwili, majani tele. Halafu kaa pembeni. Watanguruma, watapandana, watakimbizana, waache. Usiwatenganishe mpaka uone damu. Umenisikia, Refa?"

"Nimekusikia, mama."

Alisikia kweli. Tatizo ni kwamba sikio lilikuwa la mfugaji mpya na mkono ulikuwa ule ule wa refa.

Jumatano asubuhi akasogeza makochi, akatandika shuka safi katikati ya sebule, akaizungushia makatoni. Akapima kwa hatua. Akachora mstari wa kati kwa chaki, jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Kisha akavaa kipyenga shingoni, akawaweka wale madume wawili, mmoja huku na mmoja kule.

Wakanusana. Kona, ambaye kwa siku tisa hakuwa ametoka kwenye pembe yake, akainua kichwa. Akaanza kunguruma kama cherehani ya chumba cha pili, huku anatembea kwa madaha na kutikisa matako. Refa nusura apige makofi. Mara Kona akamzunguka mdogo na kumpanda mgongoni, mdogo akapiga kelele, na kipyenga kikalia chenyewe. Priiii! Refa akaingia uwanjani, akawanyanyua, kila mmoja na boksi lake, dakika kumi za kutulia.

Baada ya dakika kumi, wakaanza tena mwanzo: kunusana, cherehani, matako, priiii. Alhamisi vile vile. Ijumaa vile vile, ila sasa Kona alikuwa anagonganisha meno kwa hasira, na mdogo anatetemeka kabla hata hajaguswa.

Mkewe aliporudi jioni alimkuta amejiinamia kwenye kochi na daftari mapajani. Akalichukua akasoma kwa sauti: "Kona. Kadi ya njano. Kumwendea mpinzani kwa matako yanayotikisika." Akafunua. "Kona. Kadi ya njano. Kupanda bila ruhusa." Zilikuwa kadi tisa, zote za Kona. Mama wa watu alicheka mpaka akakaa chini na sare yake ya kazi.

"Mzee wangu," akasema alipopata pumzi, "hawa hawachezi mpira. Wanataka kujua nani mkubwa, nani mdogo, yaishe. Na kila wakikaribia kujua, wewe unapuliza, wanarudi sifuri. Umeona damu?"

"Sijaona."

"Basi lete hicho kipyenga." Akakitia mfukoni. "Na kesho niko nyumbani. Nitakuchunga wewe, wao hawana shida."

Jumamosi saa moja wakatandika shuka nyingine, isiyo na chaki. Mkewe akaweka vibanda viwili, majani na maganda ya tikiti, kisha akamketisha Refa kwenye kiti na kumwambia aikalie mikono yake. Akaikalia. Cherehani ikaanza. Matako yakatikisika. Kona akampanda mdogo, mdogo akapiga kelele, Refa akafumba macho na midomo ikajikunja kupuliza hewa tupu. Wakakimbizana raundi sita. Manyoya yakaruka. Wakasimama uso kwa uso, pua juu, na hapo Refa akaona wekundu kwenye kidevu cha mdogo.

"Damu!"

Aliruka na goti lake bovu, akapiga magoti kwenye shuka, akapitisha kidole kidevuni. Akakitazama kidole. Akakilamba.

"Tikiti," akasema kwa sauti ndogo.

"Rudi kwenye kiti," mkewe akasema, naye amejiziba mdomo kwa kanga asiangue kicheko.

Alipogeuka kukaa, mdogo alikuwa ameinamisha kichwa mpaka chini. Kona akamnusa sikio, akaacha. Akaenda kwenye majani. Mdogo akamfuata, akavuta jani lile lile kwa upande wa pili. Kisha, sijui kitu gani kilimwingia, mdogo akaruka juu miguu yote minne, akajipinda hewani, akatua. Kona akamtazama, naye akaruka na tumbo lake lote.

Mama mfugaji aligonga saa nne kamili. Hakusalimia sana. Akasimama juu ya makatoni, mikono kiunoni, akavihesabu vibanda viwili, akainama kuchungulia. Kimoja kilikuwa kitupu. Kwenye kingine zilionekana pua mbili. Akavichungulia tena, kimoja baada ya kingine, na Refa, aliyezoea yeye ndiye wa kusubiriwa, akashindwa kuvumilia.

"Nikuletee maji, mama," akasema, akakimbilia jikoni.

Akavuta mlango wa friji.

Wiii! Sebule nzima ikalipuka. Ilikuwa sauti ya Kona, ile ile, ya siku kumi na mbili zilizopita. Na nyuma yake, nyembamba, inakwaruza, haijui hata kinachodaiwa ni nini, ikafuata ya pili.

Refa akabaki ameshika mlango, baridi inampiga kifuani, anacheka na machozi yanashuka. Viwanja vyote vile, na hakuna hata kimoja kilichowahi kumpigia kelele namna hii.

"Wangu namwacha," mama mfugaji akasema kutoka sebuleni.

"Mzee, funga friji basi," mkewe akaita. "Watapasuka hao."

"Ngoja," Refa akajibu. "Waache wapige kelele."