Mwanangu Bado Ameshika Sikio

Mhariri, jina langu lifiche kabisa, maana gazeti hili linafika hata huku kwetu, na watu wa hapa midomo wanayo.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, mkulima wa mpunga huku Mpimbwe, si mbali na Kibaoni. Nimefunga ndoa kanisani, nina watoto watatu. Ninayemlilia ni wa kwanza, nitamwita Kizito. Ana miaka tisa. Si kiziwi, anakula na kulala kama wenzake, lakini hasemi. Ukimwita hageuki, ukimgusa ghafla anapiga yowe. Kutwa anapanga magunzi ya mahindi mstari mmoja, na ukiliondoa moja, ole wako. Mama mkwe anasema nimezaa gogo. Gogo gani hilo linalotoka misa na kuguna wimbo mzima bila kukosea?

Serikali ilipotangaza kila mtoto aende shule, balozi wa nyumba kumi alipita akiandika majina, nikafurahi mno. Kumbe wapi! Nyie mnajua watoto wetu wasio na vyeti wanavyopimwa: mtoto apitishe mkono juu ya kichwa, ashike sikio la upande wa pili. Akilifikia, umri umetimia. Kizito akaambiwa, "Shika sikio." Yeye akawa anatazama kunguru juu ya bati. Mwalimu mkuu akasema, "Mama, huyu bado mdogo, mrudishe mwakani." Mdogo! Na amempita kimo mtoto wa jirani aliyepokelewa palepale!

Nilirudi nimefura. Nikasema, sikio tu? Litashikwa. Kila asubuhi kabla ya uji nilishika langu kwanza, halafu namshikisha lake. Akishika namwacha kidogo, kisha nauteremsha mkono wake taratibu na kumpa karanga. Alilia, aling'ata, nikang'ang'ana. Mavuno yanaisha, ukisema "shika sikio" tu, anashika. Jamani, nilicheza peke yangu uani kama mwehu.

Januari tukaenda tena. "Shika sikio." Mkono ukapita juu ya kichwa, ukalipita na sikio lenyewe! Akaandikwa. Nilipiga vigelegele uwanjani pale, nikakimbilia shamba.

Mchana nikaitwa. Nilimkuta Kizito amesimama mbele ya darasa, mkono bado uko juu ya kichwa, sikio ameshika. Wenzake wanacheka hadi machozi. Aliambiwa ashushe, hakushusha. Mwalimu mkuu akadhani anafanyiwa dhihaka, akamchapa fimbo kwenye mkono huohuo. Ulikuwa umevimba, na bado hakuachia. Alikuwa ananingoja mimi. Nyumbani hajawahi kuushusha mwenyewe, huwa naushusha mimi. Nikaushusha, karanga sina. Akanitazama usoni, yeye ambaye hamtazamagi mtu. Niliangua kilio mbele ya watoto wa watu.

"Mama Kizito, huyu si wa shule," mwalimu mkuu akaniambia. "Mtafutie mganga."

Juzi alikuja nyumbani mwalimu wa kike, mgeni hapa kijijini, binti mdogo tu. Akasema, "Mama Kizito, aliyejifunza kushika sikio atajifunza na kushika chaki. Nimemwomba mkuu, amekubali kwa shingo upande. Ila uje ukae naye darasani mpaka anizoee. Watoto ni wengi mno, peke yangu sitaweza. Nafasi yake naishikilia mpaka Pasaka." Nilimshika mikono yule binti nikashindwa hata kumkaribisha maji.

Mume wangu aliposikia alicheka kwanza, halafu akawaka. "Mpunga unatoa masuke, ndege wameshuka, nani ataamia? Mke mzima ukakae dawatini na watoto? Basi chagua. Siku utakayoingia darasani humo, usirudi hapa, pitiliza kwenu." Mama mkwe kwa pembeni akasema, "Afadhali."

Msimtukane mume wangu, si mtu mbaya. Mwaka juzi nililala na homa, ndege wakatumaliza shamba lote, tukala mihogo mpaka tukaichukia. Nisipokaa kule kutwa nikipiga debe kufukuza ndege, hawa wadogo wawili watakula nini? Nimekwenda kwa padri, akaniambia nisali na nimtii mume wangu. Nimesali. Pasaka inakaribia na moyo wangu haujatulia hata kidogo, usingizi wenyewe naibia tu.

Sasa kila asubuhi shule ikigonga ile ringi ya gari wanayoifanya kengele, Kizito anaacha magunzi yake, anasimama mlangoni, anapitisha mkono juu ya kichwa na kushika sikio. Nani kamwambia? Hakuna. Nami naweka debe langu chini, naushusha mkono, nampa karanga, anarudi kwenye magunzi, naenda zangu shamba nikilia njia nzima.

Leo karanga hakutaka. Niliushusha mkono, akaurudisha. Nikaushusha tena, akaurudisha, na macho yameelekea njia ya shule.

Wazazi wenzangu, nishaurini kabla ya Pasaka. Nimpeleke nikakae naye, ndoa ivunjike na wadogo zake walale njaa? Au niendelee kuushusha huo mkono kila asubuhi, mpaka siku atakayochoka kuuinua? Nifanye nini mimi?