Hesabu Iliyogoma Elfu Nane

Aibu hii nimeifungia kabatini miaka mingi, na ninaitoa leo kwa sababu moja tu: Mama Kabula, aliyekuwa karani wetu wa taipu, amestaafu na hana tena sababu ya kunistahi. Afadhali mnisikie mimi kwanza.

Ilikuwa Mpanda, katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada, suruali mbili za kitambaa na maneno mengi, nikaajiriwa kwenye mradi mdogo wa mbegu za mahindi. Mradi ulikuwa na kompyuta moja, na kompyuta ile ilikuwa na msemaji mmoja, yaani mimi. (Chuoni niliigusa mara sita hivi, lakini Mpanda nani angejua?)

Vijiji vya Mishamo vilikuwa vinasubiri mbegu, na mbegu hazikugawiwa bila orodha ya majina yenye mhuri. Mama Kabula alizoea kuchapa orodha hizo kwa taipu, kijiji kimoja kimoja, kutoka kwenye madaftari ya wenyeviti. Mimi nikaona huo ni ushamba, nikaingiza majina yote ya vijiji vyote kwenye jedwali moja refu la kompyuta, na tangu hapo kila nikilifungua mashine inaganda. Memori haitoshi, nikatangaza, na hilo lilikuwa kweli. Nikampigia simu fundi mmoja wa Tabora atutumie vibao viwili vya memori, kila kimoja kikubwa mara nne ya tulivyokuwa navyo. Akaniuliza, "Bodi ya mashine yenu inapokea memori mpaka ngapi?"

Sikujua. Na Mratibu, bosi wangu, alikuwa amesimama palepale ananisikiliza. Nikajibu, "Yoyote ile, wewe leta."

Jibu hilo dogo ndilo lililonizika.

Vibao vilifika kwa treni, vimeviringishwa gazeti ndani ya boksi la sabuni, asubuhi ileile ambayo lori la mbegu lilitakiwa kuondoka. Lori lilikuwa uani, limeshapakiwa. Mwenyekiti Nzeyimana wa Mishamo alikuwa amekuja tangu jana yake kufuata orodha, na kila baada ya dakika mbili alitoka nje kutazama mawingu. Sote tulijua: mvua ikishika kabla lori halijavuka bonde, njia inakatika, na watu wanabaki na mashamba yaliyokwisha kulimwa na hawana cha kupanda.

Mtu mwenye akili angevipachika vile vibao kimyakimya. Mimi nikaita watu. Akaja Mratibu, akaja Mama Kabula, dereva, mwenyekiti na kofia yake mkononi, hata mlinzi akaacha geti. Mnazikumbuka kompyuta za zamani, ukiziwasha zinahesabu memori zake kwenye kioo, namba zinapanda huku zikilia tik-tik-tik? Nikawaambia watazame hizo namba, leo zitapanda mpaka elfu thelathini na mbili na ushee.

Nikachomoa vibao vya zamani, nikapachika vipya, nikabonyeza. Zikapanda. Elfu moja, elfu tatu, elfu sita, mlinzi akaanza kupiga makofi. Zikafika elfu nane mia moja tisini na mbili, zikasimama.

"Inavuta pumzi," nikasema.

"Mwanangu," akasema Mama Kabula, "si ndiyo ileile ya jana? Mimi ndiye naiwasha kila asubuhi nikishafuta vumbi. Haijawahi kupita hapo."

Nikazima, nikafungua mfuniko, nikavichomoa vibao, nikavipuliza kama mtu anayepoza uji, nikavirudisha. Tik-tik-tik. Palepale. Mara ya tatu, palepale. Shati lilikuwa limenigandia mgongoni. Dereva akatoka, na muda si mrefu nikasikia honi.

"Bwana mtaalamu," mwenyekiti akasema polepole, "hiyo si imejaa? Debe hata ukilimiminia gunia zima, litabeba debe moja."

Watu wakacheka. Na mimi, badala ya kucheka nao na kusema jamani sijui, nikadanganya: "Hapana mzee, vibao vinatakiwa vipoe kwanza. Nipeni nusu saa tu."

Nikaenda chooni, kijitabu cha mashine nimekificha ndani ya shati (kilikuwa bado kwenye nailoni yake). Nikiwa nimechuchumaa bila haja yoyote, nikasoma: bodi ile ina nafasi mbili, na kila nafasi inatambua megabaiti nne, basi. Nne na nne, nane, ndizo zile elfu nane na ushee za kwenye kioo. Mashine ilikuwa imefika mwisho wake tangu kiwandani. Ningeleta vibao vya ukubwa wa mlango, ingehesabu nane na kunyamaza.

Nusu saa ikapita, ikapita na nyingine, nami nimo humo natafuta uongo wa pili. Tone la kwanza likagonga bati. Kisha Mratibu naye akagonga.

"Wewe! Watu wanaondoka au hawaondoki?"

Nikamwambia yote kupitia mlango. Mlango wenyewe ulikuwa wa bati, umetoboka, na nilipotoka nikawakuta wamejipanga uani, wamesikia kila neno.

Mama Kabula hakucheka. Alikuwa ameshaifunua taipu yake. "Mwenyekiti, nisomee madaftari," akasema, na wakaanza, kijiji cha kwanza, jina la kwanza. Lori lililotakiwa kutoka saa nne asubuhi likatoka saa tisa, na Mratibu akaninyooshea kidole: "Na wewe panda. Ukakwame nao."

Tukakwama kweli. Bonde lilikuwa limejaa maji mpaka kiunoni. Dereva akazima injini, akaniambia, "Ungetuachia mapema tungepita pakavu," kisha akaegemea usukani, akalala.

Asubuhi habari zikawa zimefika, watu wa Mishamo wakaja na baiskeli, wakaziacha ng'ambo, wakaingia majini kuvusha magunia kichwani. Nikavua viatu, nikajiunga. Mama mmoja wa umri wa mama yangu alikuwa ananitazama ninavyoyumba.

"Huyu ndiye yule wa mashine?" akamuuliza mwenyekiti.

"Ndiye."

"Basi mpeni kagunia kadogo."

Nikapewa kagunia kadogo, na hako hako nusura nikadondoshe. Kazi ilichukua siku mbili. Magunia manne yalilowa, na ilibidi mbegu zake zipandwe palepale, mashamba ya karibu na bonde, kabla hazijaoza, kwa hiyo kaya za mbali zaidi zikapanda pungufu mwaka ule. Majina yao yalikuwa kwenye orodha, yamechapwa vizuri na kupigwa mhuri.

Nimefanya ujinga mwingi tangu wakati ule, lakini huu nimeuapia: sitamwomba tena mtu anayewahi mvua anisubiri nusu saa, ili mimi nitafute namna ya kutoonekana sijui.